Anguko la Reach: ufuate tarehe za riwaya, za gemu, au uziunganishe?

Riwaya ya Halo: The Fall of Reach, iliyoandikwa na Eric Nylund, ilitoka Oktoba 30, 2001, wiki mbili na ushee kabla gemu ya kwanza ya Halo haijaingia madukani Novemba 15. Miaka tisa baadaye, Septemba 14, 2010, Bungie, waundaji wa gemu hiyo, walitoa Halo: Reach, gemu yao ya mwisho katika mfululizo huo. Kazi zote mbili zinasimulia sayari ileile, Reach, kambi kubwa ya jeshi la wanadamu, ikianguka mwaka uleule, 2552, mikononi mwa Covenant, muungano wa viumbe wa anga za mbali. Kwenye kitabu, Covenant wanawasili alfajiri ya Agosti 30, na kabla siku haijakomaa Reach imekwisha. Kwenye gemu, wanajeshi wa Covenant wako ardhini tangu Julai 24, na mapigano yanachukua zaidi ya wiki tano.

Anayecheza kwa burudani anaweza kupita bila kujali. Anayeandika hadithi ya shabiki, anayehariri makala ya ensaiklopidia, anayeendesha mchezo wa mezani uliojengwa juu ya ulimwengu huu, au anayetaka tu kujua asome nini kwanza, lazima aamue. Njia ziko nne: kitabu kwanza, gemu kwanza, kuunganisha zote mbili, au kuzihesabu kuwa ulimwengu mbili zisizodaiana. Kila moja ina gharama yake, na gharama hizo hazilingani.

Kabla ya kuchagua, tazama tarehe zenyewe zikiwa ubavu kwa ubavu. Majina yanayojirudia ni haya: UNSC ni jeshi la wanadamu. Spartan ni askari wake walioongezewa nguvu, Master Chief akiwa mmoja wao. Noble Team ni kikosi cha Spartan kwenye gemu: Carter kiongozi wao, Kat, Jun, Jorge, na Noble Six, ambaye ndiye wewe mchezaji. Dk. Halsey ni mwanasayansi aliyewaunda Spartan-II, na Cortana ni akili mnemba. Keyes ni ofisa wa meli za kivita, na Autumn, kwa jina kamili Pillar of Autumn, ni meli anayoiongoza mwishoni.

| Tarehe (2552) | Riwaya | Gemu |
|---|---|---|
| Julai 17–18 | Vita vya Sigma Octanus IV. Keyes anaongoza meli ya Iroquois. Meli inaondoka na kifaa cha kufuatilia kilichobandikwa na adui | Haionyeshwi |
| Julai 24 | Reach haijaguswa | Noble Team inawakuta Covenant kwenye kituo cha mawasiliano cha Visegrád |
| Julai 26 | – | Sword Base, kambi ya ujasusi, inashambuliwa |
| Agosti 11–12 | – | Upelelezi wa usiku, kisha shambulio kubwa la UNSC |
| Agosti 14 | – | Meli-mama Long Night of Solace inalipuliwa, Jorge anakufa, kundi jipya la meli za adui linatokea papo hapo |
| Agosti 23 | – | Mji wa New Alexandria unahamwa na kuchomwa. Kat anauawa |
| Agosti 29 | Master Chief anajaribu vazi la Mjolnir Mark V akiwa na Cortana | Halsey anamkabidhi Noble Six kifurushi chini ya Sword Base |
| Agosti 30 | Covenant wanawasili na mamia ya meli. Autumn inapigana angani na kutoroka | Autumn inapaa kutoka Aszod. Six anabaki na kufa |

Ukiisoma safu ya kitabu kutoka juu hadi chini, utaona pengo la wiki sita ambamo Reach ni kambi tulivu ya jeshi. Safu ya gemu imejaa mahali hapohapo.

Migongano inayoonekana tu

Mingi ya mikanganyiko inayotajwa na mashabiki haina uzito ukishaweka tarehe mezani. Mfano unaopendwa zaidi ni Jorge-052. Yeye ni Spartan-II, kizazi kilekile cha Master Chief, na kitabu kinaonyesha Spartan wakiitwa Reach mwishoni mwa Agosti kwa ajili ya operesheni ya kumteka kiongozi wa Covenant. Watu huuliza kwa nini Jorge hayumo kwenye chumba kile. Jibu ni kwamba Jorge alikufa Agosti 14. Kinachobaki ni kwamba hakuna anayemtaja wala kumwomboleza, na huo ni ukimya wa mwandishi aliyeandika miaka tisa kabla mhusika huyo hajabuniwa. Kalenda haijavunjika hapo.

Kitu kingine ni mahali alipo Dk. Halsey. Riwaya ya pili ya Nylund, Halo: First Strike ya 2003, inamweka kwenye CASTLE Base, ndani kabisa ya mlima, wakati sayari inaanguka. Gemu inamweka Sword Base. Lakini Bungie walilishona hili wenyewe: baada ya makabidhiano ya Agosti 29, Carter anamwagiza Jun amsindikize Halsey hadi CASTLE Base. Kipande hicho cha mazungumzo ni kifupi mno kiasi kwamba mchezaji mwenye haraka hakisikii, ila kinafanya kazi yote. Kasoro ndogo inayobaki ni kwamba First Strike haimjui Jun. Ukisema aliondoka kabla ya Fred na Spartan wenzake kufika, unapita salama, na machapisho ya baadaye yanamwonyesha Jun akiwa hai baada ya vita.

Chanzo cha viwianishi vya anga vilivyompeleka Keyes kwenye Halo, pete kubwa iliyojengwa na Forerunner, viumbe wa kale waliotoweka, nacho hakina ugomvi wa kweli. Kitabu kinasema Cortana alivisoma kutoka kwenye alama za kale zilizopatikana Sigma Octanus IV. Gemu inadokeza kwamba utafiti wa mabaki ya Forerunner chini ya Sword Base ndio uliokuwa na thamani hiyo. Vyanzo viwili vya habari moja havikatazani. Kimoja kinaweza kuwa kilithibitisha kingine.

Halafu kuna suala la Halsey na Spartan-III, kizazi cha baadaye kilichoundwa bila yeye kujua. Vitabu vinamwonyesha akigundua mpango huo wa siri taratibu, kwa kupekua mafaili na baadaye kwa kuwaona kwa macho huko kwenye sayari ya Onyx. Gemu inamweka chumba kimoja na Noble Team, wengi wao wakiwa Spartan-III, mwezi mzima kabla. Shajara ya Halsey iliyouzwa pamoja na matoleo ya bei ya juu ya gemu ilijaribu kulainisha jambo hili kwa kumwonyesha akishuku na kuunganisha dalili. Inakubalika. Kushuku kuna daraja zake, na mtu anaweza kujua kwamba askari hawa si wake bila kujua ni wangapi, walifunzwa wapi na nani anawaongoza.

Migongano ya kweli

Iko mitatu, na yote imesongamana kati ya Agosti 14 na 30.

Wa kwanza ni ukimya. Maelezo ya kawaida ni kwamba idara ya ujasusi, ONI, ilificha habari za uvamizi, ndiyo maana wahusika wa kitabu hawajui lolote hadi Agosti 30. Maelezo haya yanabeba mzigo hadi tarehe fulani tu. Julai 24 adui ni wachache, wako eneo la mbali, na mawasiliano yamekatwa. Jeshi linaweza kufunika hilo. Hata shambulio la Agosti 12 linaweza kuelezwa kama operesheni ya siri. Lakini Agosti 14 meli-mama yenye urefu wa kilomita kadhaa inalipuka juu ya sayari na kundi zima la meli linatokea mahali pake. Agosti 23 mji mkubwa unachomwa mbele ya raia wanaokimbia. Hakuna ofisi ya ujasusi inayoweza kulificha hilo kwa maofisa walio kwenye obiti ya sayari hiyohiyo. Anayekuambia kwamba usiri unatosha kwa kipindi chote hajapima umbali kati ya sakafu ya New Alexandria na madirisha ya vituo vya mizinga ya obiti.

Wa pili ni Agosti 29. Kitabu kinaitumia siku hiyo kwa jaribio la Mark V: Master Chief anapita kwenye uwanja wa mafunzo uliotegwa, Cortana akiwa ndani ya vazi lake kwa mara ya kwanza. Kanali Ackerson amefanya hila kuzidisha ugumu, kiasi kwamba ndege ya kivita inaletwa kumrushia makombora. Halsey anahusika moja kwa moja. Jaribio lenyewe linafanyika Reach, na mazingira yake ni ya jeshi lenye muda na mafuta ya kuchezea fitina za ofisini. Siku hiyohiyo, kwa kalenda ileile ya kijeshi, gemu inamwonyesha Halsey chini ya ardhi kwenye kambi iliyotekwa, akikabidhi Cortana kwa mtu mwingine. Kwa hiyo una Halsey wawili, Cortana wawili, na Reach mbili.

Kwa Cortana, jibu rasmi limetolewa: aligawanywa. Sehemu moja ilikuwa na Master Chief, nyingine ilibaki ikichambua mabaki ya Forerunner, na kifurushi alichobeba Six ndicho kilichobeba sehemu hiyo ya pili ili ziunganike ndani ya Autumn. Shajara ya Halsey ndiyo inayotegemewa kwa hili. Ni jibu zuri kwa sababu linatumia sifa ambayo akili mnemba wa ulimwengu huu tayari wanayo. Hakuna kitu kipya kilichobuniwa kwa ajili ya kiraka. Kwa Halsey mwenyewe, unahitaji kumsafirisha siku moja kutoka uwanja wa majaribio hadi kwenye pango lililozingirwa. Inawezekana ikiwa jaribio lilifanyika asubuhi na makabidhiano usiku, ila hapo lazima ukubali kwamba aliruka katikati ya anga lenye adui. Kwa Reach tulivu hakuna jibu.

Wa tatu ni meli yenyewe, Pillar of Autumn, na huu ndio mgumu kuliko yote kwa sababu unahusu kitu kimoja kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kitabuni Autumn haigusi ardhi. Iko pembezoni mwa mfumo wa nyota wa Epsilon Eridani inapopokea amri ya kurudi, inapigana njiani, inamchukua Master Chief na Spartan mwenzake Linda, aliyejeruhiwa vibaya, baada ya kazi yao kwenye kituo cha Gamma, kisha inaruka kutoroka. Sura hizo zina saa juu yake, na saa zinafuatana kwa dakika. Kwenye gemu, meli hiyo imetua Aszod, kwenye yadi ya kuvunjia meli, na Keyes anashuka mwenyewe na ndege ya Pelican kuchukua kifurushi mikononi mwa Six.

Kiraka kinachotumika ni kusema kwamba baada ya kumchukua Master Chief, Autumn ilishuka hadi Aszod, ikapokea kifurushi, ikapaa tena na kuruka. Gemu inakiunga mkono: ukizungusha kamera katika kipande cha mwisho cha video ya misheni ya Autumn, unaona ndani ya meli chumba cha usingizi wa baridi chenye Spartan, ambaye wachezaji wengi humsoma kuwa Master Chief. Lakini ukikubali kwamba ni yeye, umeingia shimo lingine, maana kitabuni anaingia kwenye usingizi baada ya meli kutoroka. Ndiyo maana wapo wanaosema huyo ni Linda, ambaye aligandishwa mapema ili asife. Kati ya majibu hayo mawili, la Linda ndilo linalovunja vitu vichache zaidi.

Njia nne, na nani azitumie

*Kitabu kwanza.* Unashikilia kwamba Reach ilianguka Agosti 30, na gemu unaisoma kama masimulizi ya baadaye kuhusu mashujaa waliokufa bila mashahidi, yaliyochanganya siku. Faida yake ni kwamba kila kitu kinachofuata, kuanzia First Strike, kinakaa bila kusukumwa. Hofu ya kushtukizwa, ambayo ndiyo nguvu ya robo ya mwisho ya kitabu, inabaki nzima. Hasara ni kwamba unapoteza New Alexandria, ambayo kwa maoni ya wengi ndiyo sehemu bora kabisa ya gemu. Wengine hujaribu kuiokoa kwa kusogeza misheni zote mbele, zianze Agosti 30 na kuendelea ndani ya Septemba, kwa kuwa First Strike inaonyesha mapigano ya ardhini yakiendelea baada ya meli kuondoka. Haifanyi kazi. Misheni mbili za mwisho zinaitegemea Autumn, na Autumn ilishaondoka. Ukizikata hizo, Noble Team inabaki bila sababu ya kufa.

Njia hii inamfaa msomaji aliyeanza na vitabu, na anayepanga kusoma vyote vitatu vya mwanzo kwa mfululizo.

*Gemu kwanza.* Tarehe za gemu zinakuwa msumari, na za kitabu zinasogezwa. Hii ndiyo desturi ya jumla katika ulimwengu wa Halo: gemu ikigongana na kitabu, gemu hushika usukani. Cha kusogeza si kingi. Jaribio la Mark V na mkutano wa Spartan unavirudisha nyuma hadi siku za kati ya Julai 18, vita vya Sigma Octanus IV vinapoisha, na Julai 24, Covenant wanapoonekana Visegrád. Siku sita zinabana sana kwa mtu anayejali mwendo wa meli kati ya nyota, lakini Reach tulivu inapata mahali pa kuishi na Halsey anakuwa mmoja tena.

Ukisogeza hivyo, swali linazaliwa: Spartan hao walifanya nini kwa wiki tano huku sayari inaungua? Usiliache wazi. Jibu linalosimama ni kwamba operesheni ya kumteka kiongozi wa Covenant ilihesabiwa kuwa na thamani kuliko mji wowote, kwa hiyo walizuiwa wasishiriki na Autumn ikaendelea kuandaliwa. Jibu hilo ni chungu, na linaibadilisha sura ya Halsey na makamanda wake. Kwa mwandishi wa hadithi hiyo ni zawadi. Anayeendesha mchezo wa mezani ataipenda njia hii zaidi, kwa kuwa inampa ratiba yenye nafasi ya wiki tano za misheni badala ya saa chache.

*Kuunganisha.* Hii ndiyo njia iliyofuatwa rasmi. Toleo jipya la kitabu lililochapishwa na Tor mwaka 2010 lilisahihisha makosa kadhaa na kuongeza kurasa za ziada, lakini halikuandika upya vita vya mwisho. Mwaka 2011, 343 Industries, walioipokea Halo kutoka kwa Bungie, walitoa mfululizo wa maandishi mafupi, Data Drops, uliolenga kuziba mianya kati ya kazi hizi mbili. Picha inayopatikana ni ya mawimbi mawili: kikosi cha kwanza cha Covenant kinachotafuta mabaki ya Forerunner kuanzia Julai, na kundi kubwa linalowasili Agosti 30, lile la kamanda Thel 'Vadamee, ambaye baadaye atakuwa Arbiter, mhusika mkubwa wa gemu zilizofuata.

Mawimbi mawili yana mantiki. Yanaeleza hata kifaa kilichobandikwa kwenye Iroquois: kinaweza kuwa ndicho kilicholeta wimbi la pili bila kuhusika na la kwanza. Lakini njia hii haikusaidii kwa Agosti 14 hadi 29, na anayeifuata lazima aandike kipindi hicho kwa sauti ya chini, bila kuingia ndani ya vichwa vya maofisa wa obiti. Mhariri wa ensaiklopidia hana njia nyingine ila hii, kwa kuwa kazi yake ni kueleza vyanzo vyote. Mwandishi wa hadithi atajikuta kila ukurasa anakwepa kitu.

*Ulimwengu mbili.* Kitabu ni kimoja, gemu ni nyingine, hakuna anayedaiwa. Mfululizo wa televisheni wa Halo, ulioanza 2022, ulichukua msimamo huu waziwazi: una mkondo wake wa matukio, na anguko la Reach katika msimu wake wa pili halijaribu kufanana na lolote kati ya haya mawili. Ni njia rahisi na haina aibu. Shida yake kwa Reach ni kwamba gemu yenyewe imejaa vidole vinavyoelekeza kitabuni: Halsey, Keyes, CASTLE Base, namba ya 052. Bungie hawakutaka ziwe mbili.

Pale kitabu kilipojivunjia saa chenyewe

Inafaa kulinganisha kiraka hiki na kingine kilichofanywa kwa ustadi zaidi. Autumn inafika kwenye Halo Septemba 19, na pete hiyo inalipuka Septemba 22. First Strike inahitaji Master Chief arudi Reach na kuwakuta wenzake wakiwa bado hai, katika tarehe ambazo hazikubaliani na safari yake. Nylund hakuficha. Aliweka ndani ya hadithi jiwe la kioo la Forerunner linalopinda anga na muda, na vichwa vya sura vikaanza kuandika kwamba kumbukumbu ya saa ina hitilafu. Msomaji anaambiwa usoni kuwa kalenda imepotoka, na sababu yake inashikika mkononi mwa mhusika.

Tofauti ni kubwa. First Strike ilivunja saa kwa ndani, kwa kitu ambacho hadithi inakihitaji hata bila tatizo la tarehe. Reach ilishonwa kwa nje, kwa shajara ya toleo ghali na maandishi ya mtandaoni ambayo wachezaji wengi hawakuyaona. Ukiwa unatunga kiraka chako mwenyewe, chagua cha aina ya kwanza. Cortana kugawanywa kunakaribia kiwango hicho. Ukimya wa ONI hadi Agosti 30 haukaribii.

Usijaribiwe kulitumia jiwe la kioo kuokoa Agosti 29, ingawa linashawishi. Jiwe hilo linachimbuliwa CASTLE Base baada ya Autumn kuondoka. Ukilifanya lipinde muda kabla halijaguswa, kila tarehe ya mfululizo inakuwa haina maana na huwezi tena kumkatalia mtu chochote.

Kupanga tarehe zako mwenyewe

Karatasi ya Excel yenye kolamu tano inatosha: tarehe na saa, mahali, nani yupo, nani anajua, na chanzo. Kolamu ya nne ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayotatua nusu ya matatizo. Tukio likiwa limetokea lakini hakuna mhusika wa kitabu anayelijua, si mgongano. Likiwa linaonekana kutoka kila dirisha, kama New Alexandria, kolamu hiyo itakufunga mikono, na utajua mapema.

Kwenye kolamu ya chanzo andika toleo pia. Anayenukuu kitabu cha Del Rey cha 2001 na mwenzake anayenukuu cha Tor cha 2010 wanaweza kubishana saa nzima juu ya sentensi ambayo haimo kwenye nakala ya mmoja wao. Kwa gemu, chukua tarehe inayojitokeza kwenye skrini mwanzoni mwa kila misheni, kisha ile ya ndani ya mazungumzo, na mwisho kabisa hitimisho la macho. Jua linalotua nyuma ya Autumn halikupi saa. Saa za kitabu ni za kijeshi, na sayari kubwa kama hii ina alfajiri upande mmoja na jioni upande mwingine kwa wakati mmoja. Hii, kwa njia, ndiyo njia pekee ya heshima ya kupatanisha asubuhi ya kitabu na mwanga wa alasiri wa Aszod.

Anza na vitu ambavyo haviwezi kugawanyika: meli na miili. Autumn, Halsey, Keyes, Master Chief. Weka kila mmoja kwenye mstari wake kuanzia Agosti 27 hadi 30, na uone wapi mstari unapita sehemu mbili. Akili mnemba, nyaraka na habari viache mwisho, kwani hivyo vinanakilika. Wanaoanza na Cortana huishia kutumia mgawanyo wake kueleza kila kitu, hata mambo ambayo mwili wa Halsey ndio uliyakwamisha.

Usijaze pengo kwa mhusika mpya. Ni kosa linalorudi kila mara: mtu anabuni ofisa wa ONI aliyekata mawasiliano yote, kisha analazimika kumweleza kwenye vita vya Sigma Octanus, kisha kwenye Onyx, na baada ya muda hadithi ni ya ofisa huyo.

Ukitaka kununua kimoja tu

Kitabu, kama unachotaka ni kumjua Master Chief kabla ya gemu ya kwanza: utoto wake, mafunzo, vita vya meli angani, na uhusiano wa Halsey na watoto aliowachukua. Chukua toleo la 2010 au la baada yake. Lile la 2001 lina thamani kwa mkusanyaji, na kwa anayetaka kuona hadithi kabla haijaguswa.

Gemu, kama unataka Reach kama mahali: milima, mji, yadi ya vyuma, watu wanaopanda vyombo vya kuwahamisha na wanaoachwa. Misheni zake kuu zinachezeka kwa wikiendi moja, na tangu Desemba 2019 inapatikana kwenye kompyuta ndani ya Master Chief Collection, kwa hiyo huhitaji kutafuta Xbox 360 ya zamani. Shajara ya Halsey haiji nayo, na hapo ndipo mchezaji wa leo anapokosa kipande ambacho kiraka cha Cortana kinakitegemea. Filamu ya katuni ya The Fall of Reach ya 2015 usiinunue kwa ajili ya tatizo hili. Imechukua sehemu ya utoto na mafunzo tu, na inasimama miaka mingi kabla ya Agosti 2552.

Ukichukua vyote viwili, soma kwanza kisha ucheze. Kwa mpangilio huo misheni ya mwisho inakukuta ukijua tayari meli ile inaelekea wapi, na utakuwa umeshasoma saa za sura za mwisho, kwa hiyo Autumn itakapopaa kutoka Aszod utaona mwenyewe ni kwa kiasi gani dakika zimebanwa.